Neno na Majirani Zake

Somo: 1 Petro 2:18–25



Kihispania kina neno "planta". Mkulima akilitamka, anasema mmea. Fundi wa mitambo akilitamka, huenda anasema kiwanda. Mtu anayetafuta nyumba ya kupanga akiuliza ni "planta" ya ngapi, anauliza ghorofa. Naye daktari akiushika mguu wa mgonjwa na kutaja "planta", ameshika wayo, yaani sehemu ya chini inayokanyaga ardhi. Neno ni lile lile, hakuna herufi iliyobadilishwa.

Neno hili tulifundishwa na muuguzi kijana kutoka Uhispania, anayehudhuria kundi letu la kujifunza Biblia pale Nyayo Highrise, Nairobi. Tunakutana ghorofa ya nne, nyumbani kwa mmoja wetu, na ukisimama dirishani unayaona mabati ya Kibera yamebanana mpaka mbali. Yeye anajifunza Kiswahili, nasi kila juma tunamwomba neno moja la kwao. Alipotupa hilo, mzee wetu mmoja aliandika katika daftari lake, "planta, mmea", akafunga daftari. Juma lililofuata kijana akaingia akihema, akasema amefika "planta" ya nne, na mzee akataka kujua mtu hupandaje mmea wa nne. Tulicheka sana. Lakini Kiswahili chetu kina mchezo huo huo: mtu hupanda mahindi, na hupanda ngazi, wala hakuna anayechanganyikiwa.

Katika Kilatini, ambako neno hilo lilitoka, tayari lilikuwa na maana mbili, wayo na chipukizi. Wengi huziunganisha hivi: mkulima akitia mche ardhini, huushindilia udongo kwa wayo wake. Mama zetu mashambani wanafanya hivyo hata leo.

Basi kijana aliposikia kwamba wayo zikiwa nyingi ni nyayo, alifurahi mno. Mtaa wetu una nyayo katika jina lake na una maghorofa, na neno lake moja linabeba vyote viwili! Kisha akauliza: "Nyayo hizi ni za nani?"

Hapo kicheko kilipungua. Mmoja alieleza kwamba mwaka 1978, Mzee Jomo Kenyatta alipofariki, Rais Daniel arap Moi alisema atafuata nyayo zake, na neno hilo likawa jina la utawala wake mpaka 2002. Wengine walitaja maziwa ya Nyayo, yaliyoanza kugawiwa shuleni mwaka 1979; sisi wa miaka arobaini na kitu tuliyanywa, na bado tunaikumbuka ile pakiti ya pembe tatu. Kijana wa matatu alisema kwake Nyayo ni steji ya uwanja wa michezo. Ndipo mama mmoja, ambaye kwa kawaida ni mchangamfu kuliko sote, akasema kwake Nyayo ni lile jengo la mjini. Hakuongeza neno.

Wenye umri walielewa. Katika miaka ya 1980, watu walioshukiwa kuipinga serikali walizuiliwa na kuteswa katika vyumba vya chini ya Nyayo House. Mwaka 2003 vyumba hivyo vilifunguliwa, wananchi wakaingia wakajionea.

Na somo letu jioni ile, ndugu msikilizaji, lilikuwa 1 Petro 2, mahali ambapo mtume anawataka Wakristo wazifuate nyayo za Bwana. Mama huyu alisikieje? Mhubiri akitamka "nyayo" mtaani kwetu, yuko anayesikia furaha ya utoto, na yuko anayesikia mlango wa chuma ukifungwa. Kumwambia, "Mama, hapa neno lina maana nyingine," ni kweli, lakini ni jibu la haraka mno.

Tulimwuliza muuguzi yeye huitambuaje "planta" inayosemwa. Akajibu kwamba husikiliza maneno yaliyo jirani: kama ni maji, kama ni lifti, kama ni kidonda. Kwa hiyo tukaenda kuwatazama majirani wa neno nyayo katika waraka ule. Tukawakuta watumishi wa nyumbani wenye mabwana wakali. Tukakuta watu wanaopigwa ilhali wametenda mema. Tukakuta matusi, na vidonda, na mti wa msalaba. Nyayo za Petro zimepita humo, na aliyeziacha alipigwa yeye mwenyewe.

Tunajua wako waliozitumia aya hizi kuwanyamazisha wanaoonewa. Sisi hatukubaliani nao. Petro anayaita mateso yale kwa jina lake, kwamba si ya haki, na anasema Kristo aliikabidhi kesi yake kwa Hakimu wa haki. Kesi iliyokabidhiwa kwa hakimu haijafutwa. Tena lile neno tunaloliita kielelezo, katika Kigiriki, hutaja herufi ambazo mwalimu humwandikia mtoto ili naye azifuatishe kwa mkono wake, polepole, huku ukitetemeka.

Muuguzi akafungua Biblia yake ya Kihispania. Hapo hakuna "planta". Kuna neno lingine, "pisadas", alama anazoacha mtu akikanyaga.

Mama akamwomba alitamke tena. Kisha akasema turudi aya ya 18, tusome upya mpaka mwisho wa sura, wala tusiharakishe. Tuliposoma, alinyosha mkono kwa yule mzee, akamwomba daftari na kalamu.