Perege wa Ziwa Rutamba na Mabwawa ya Kufugia



Katika maziwa ya Rutamba, Nambawala na Mitupa, hapa mkoani Lindi, kati ya 2013 na 2016 watafiti walimkuta perege wa Korogwe, aliyefahamika kuwa samaki wa Tanga. Vipimo vya vinasaba vilivyochapishwa 2021 vinakadiria kuwa jamaa wa Lindi na wa Tanga walitengana miaka 140,000 iliyopita. Haielekei, basi, kwamba aliletwa na mtu. Jike lake huatamia mayai kinywani, na dume hubadilika rangi majira ya kuzaliana.

La kusikitisha ni kwamba maziwa yote matatu yana machotara wake na sato, samaki mgeni aliye mkubwa zaidi. Wafugaji wa samaki wa mapambo huwatenga jamaa wa namna hiyo katika matangi mbalimbali ya kioo, ziwani haiwezekani.

Sato ni kitoweo kizuri, na wanaomfuga hawalaumiwi. Ila bwawa lichimbwe mbali na njia ya mafuriko, mahali pa kutolea maji pawekwe wavu, ofisa uvuvi aulizwe kabla ya kununua vifaranga, na vifaranga vinavyosalia visimwagwe mtoni wala ziwani.