MLANGAMIA: MGENI ASIYESHIKA JEMBE
Mazungumzo ya Bwana Shamba mbele ya wajumbe wa vyama vya msingi



Uzi huu wa manjano uliomo ndani ya chupa niliukata juzi katika ua wa mwanachama mmoja. Alipouona mara ya kwanza ulimpendeza, akauacha. Sasa umevuka ua na kuishika kahawa yake, nao umekwisha kuugusa mpaka wa jirani.

Wengi wetu huuita mlangamia. Huko pwani jina hilo hupewa pia mmea mwingine unaofanana nao, ulio jamaa wa mparachichi. Huu ninaousema leo ni wa ukoo wa kiazi kitamu, na aina zake duniani zinakaribia 200. Lakini kiazi hujitafutia riziki. Mlangamia hauna majani ila magamba madogo, na ukijani wa kujitengenezea chakula unao kidogo mno au hauna kabisa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu jembe halishiki kamwe.

Mbegu yake huota yenyewe, tofauti na mbegu ya kiduha, ambayo hungoja dalili itokayo katika mizizi ya mahindi au mtama. Mche wa mlangamia hauna mizizi ya kweli. Huishi kwa akiba ya mbegu, nayo hutosha kwa siku chache tu. Katika siku hizo ncha yake huzunguka hewani ikitafuta shina la kushika. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, Marekani, walionyesha kwamba mche huo huongozwa na harufu: ukiwekwa kati ya mnyanya na ngano, huelekea zaidi kwenye mnyanya. Ukikosa pa kushika, hufa.

Ukipata shina, hujisokota na kutoa vinyonyeo vinavyopenya mpaka kwenye mishipa ya maji na ile ya sukari. Kisha sehemu yake ya chini hunyauka, ukawa hauna tena haja ya ardhi. Wazee wetu wa ushirika walizoea kutaja mirija ya wanyonyaji. Hapa, ndugu zangu, mirija ni ya kweli. Tena kwa mirija hiyo hiyo virusi vya magonjwa huweza kupita kutoka mmea mmoja hadi mwingine. Mwaka 2021 watafiti waliofanya kazi nchini Kenya walichapisha onyo kwamba mlangamia unaweza kuishika hata kahawa, chai na miembe.

Mmea mmoja huweza kuzaa maelfu ya mbegu. Mbegu hizo zina ganda gumu, na huweza kukaa ardhini zaidi ya miaka 10 zikiwa hai. Hupita salama tumboni mwa ng'ombe na kurudi shambani pamoja na samadi. Husafiri pia ndani ya mbegu za malisho zisizosafishwa vizuri. Hata kipande kilichokatika, kikiangukia mmea hai, huweza kushika upya.

Basi tufanye nini? Kwanza, kila chama kikague mbegu kabla ya kuzigawa kwa wanachama. Pili, mlangamia ung'olewe kabla haujatoa maua. Kuuvuta nyuzi peke yake hakutoshi, kwa kuwa vinyonyeo vilivyobaki ndani ya tawi huweza kuchipua. Tawi lenyewe likatwe chini ya mahali uliposhika, kisha lichomwe moto. Tatu, shamba la mboga au mikunde lililoshambuliwa lipandwe mahindi au mtama kwa misimu kadhaa, kwa kuwa jamii ya nyasi haushikwi nao kwa urahisi.

Jambo la nne ndilo lililonileta. Mwanachama niliyemtaja aliuona mlangamia kwenye kahawa yake msimu uliopita, akanyamaza. Aliogopa kuambiwa akate matawi yenye matunda, na aliogopa lawama za jirani. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini sisi nasi tujiulize: tumempa sababu gani ya kusema? Akikata peke yake, hasara ni yake peke yake. Na jirani asipokata, kazi yake ni bure.

Kwa hiyo naomba mkutano huu uazimie mambo mawili. Mwanachama atakayetoa taarifa asilaumiwe, bali asaidiwe kwa nguvu kazi ya wenzake. Na mashamba yote yanayopakana yasafishwe katika wiki moja, kabla ya maua. Mlangamia hauulizi mpaka wa shamba uko wapi. Nasi tukiungoja kila mmoja nyuma ya ua wake, utatumaliza mmoja mmoja.