Chupa ya Maji Isiyo na Maji

Msikilizaji, hebu chungulia chini ya sinki, au kando ya ndoo za kufulia. Pengine ipo chupa ya maji ya kunywa ambayo ndani yake hamna maji. Ni jiki ya kupimiwa, sabuni ya maji iliyochotwa kwenye dumu la lita 20, au dawa ya kuzibua choo. Wewe unajua kilichomo. Mtoto wa miaka 2 anaijua chupa tu, na chupa kama hiyo amezoea kuinywea.

Akishainywa, mkono wetu wa kwanza huenda kooni mwake ili atapike. Mwingine anakuja mbio na maziwa, wa tatu na mafuta. Tunafanya hivyo kwa upendo, na kwa upendo huohuo tunamzidishia majeraha. Dawa ya kuzibua choo, na kostiki ya kutengenezea sabuni, huunguza nyama tangu mdomoni hadi tumboni. Kumtapisha ni kuipitisha tena palepale palipokwisha kuungua. Sabuni nayo hutoa povu, na povu likiingia mapafuni, mtoto hukosa pumzi.

Wala tusidanganywe na midomo isiyo na kidonda. Umio unaweza kuwa umeungua vibaya huku mdomo ni mzima. Mtoto anayedondosha mate, anayekataa kumeza, anayetapika au anayekoroma akivuta pumzi, yuko hatarini. Siku za mwanzo umio unaweza kutoboka. Akivuka hapo, baada ya wiki kadhaa kovu huanza kukaza: aliyekuwa akila ugali sasa hata uji haupiti, na hospitali inakuwa njia yake ya kila mara, kwenda kupanuliwa umio.

Daktari Chevalier Jackson wa Philadelphia aliwatibu watoto wengi wa namna hiyo. Hakuishia kwenye kutibu. Alipigania sheria, na mwaka 1927 Marekani ikaagiza vifungashio vya kostiki viandikwe kwamba ni sumu. Sisi, tunapoimimina dawa kwenye chupa ya maji, tunaifuta alama hiyo kwa mikono yetu wenyewe.

Kwa hiyo, mtoto akinywa dawa kama hiyo: msuuze mdomo kwa maji, mvue nguo zilizolowa, ichukue chupa yenyewe, mkimbilie hospitali hata kama anacheza. Usimtapishe, usimpe maziwa kwa nguvu, usimpe mkaa.

Nawe muuza sabuni, usimpimie mteja kwenye chupa ya maji au ya soda. Na wewe mzazi, usisubiri kesho. Kabla ya kulala leo, toa kila dawa ya usafi sakafuni, iweke juu, mahali penye kufuli, ndani ya chombo chake ilichokuja nacho.