Kungojea Uchungu: Yapi Humsaidia Mama, Yapi Humdhuru



Mama mjamzito anapotimiza wiki 40, nyumba nzima huanza kuhesabu siku. Mama mkwe anauliza, jirani anauliza, simu za mawifi hazikatiki. Katika wasiwasi huo ndipo vikombe vya dawa huanza kupitishwa mlango wa uani, kila kimoja kikiletwa kwa nia njema. Maongezi haya yanahusu siku hizo chache: lipi mama aweza kulifanya ili uchungu uje wenyewe, na lipi laweza kumgharimu uhai.

Kwanza ni hesabu. Tarehe ya matarajio iliyoandikwa kwenye kadi ya kliniki hupatikana kwa kuchukua siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kusogeza mbele miezi 9 na kuongeza siku 7. Mama aliyeanza hedhi ya mwisho tarehe 10 Machi hutarajiwa kujifungua tarehe 17 Desemba. Hayo ni makadirio tu. Watoto wanaozaliwa siku ileile iliyoandikwa ni wachache, takriban 5 katika kila 100. Na kabla ya wiki 39 haifai kuuharakisha uchungu pasipo sababu ya kitabibu, kwa kuwa mapafu na ubongo wa mtoto bado vinakomaa. Hapo ndipo ubaya wa kuchelewa kuanza kliniki unapoonekana: anayefika na mimba ya miezi 6 mara nyingi amekwisha kuisahau tarehe, na asiye na tarehe hawezi kujua kama kweli amepitisha siku.

Ushauri wa bibi wa kutembea jioni ni mzuri. Haujathibitika kuanzisha uchungu, lakini humpa mama nguvu na usingizi. Faida yake kubwa huonekana uchungu ukishaanza: mama anayekaa wima, akatembea na kubadili mkao, hupunguza hatua ya kwanza ya uchungu kwa zaidi ya saa moja akilinganishwa na anayelala kitandani.

Tende nazo zina ushahidi wake. Katika utafiti wa Jordan uliochapishwa mwaka 2011, wanawake 69 waliokula tende 6 kila siku kwa wiki 4 za mwisho walifika hospitali mlango wa kizazi ukiwa umefunguka zaidi kuliko wenzao 45 wasiozila, na wachache zaidi miongoni mwao walihitaji dawa ya uchungu. Utafiti huo ni mdogo, lakini tende ni chakula. Mwenye kisukari tu ndiye anayepaswa kumwuliza muuguzi kwanza.

Tendo la ndoa halina madhara kwa mama mwenye afya njema, ingawa tafiti hazijaonyesha wazi kwamba huanzisha uchungu. Halifai kabisa ikiwa chupa imepasuka, damu inatoka, au kondo la nyuma limekaa chini. Kusugua chuchu huuamsha mwili kutoa oksitosini, homoni ileile inayobana mfuko wa uzazi, na kwa hiyo kwaweza kuleta uchungu mkali kupita kiasi. Jambo hilo lifanywe kwa maelekezo ya mkunga, si kwa kubahatisha chumbani. Mafuta ya nyonyo huleta kuhara na kutapika, na mama huingia leba akiwa amekwisha kuishiwa maji na nguvu.

Linalohitaji kusemwa bila kuficha ni mizizi na majani ya kuongeza uchungu. Si kwamba hayafanyi kazi. Hatari yake ni kwamba baadhi yake hufanya kazi, na hakuna ajuaye kipimo. Sindano ya uchungu hospitalini hutolewa kidogo kidogo, muuguzi akisikiliza mapigo ya moyo wa mtoto, na ikizidi husimamishwa. Kikombe kilichokwisha kunywewa hakisimamishwi. Mfuko wa uzazi ukibana bila kupumzika, mtoto hukosa hewa, na mfuko wenyewe waweza kupasuka, hasa kwa mama mwenye kovu la upasuaji au aliyezaa mara nyingi. Vidonge vya uchungu vinavyonunuliwa kwa siri dukani vina hatari hiyohiyo. Mama aliyekwisha kunywa chochote amweleze mkunga mara tu afikapo, kwa kuwa kuficha humfanya apewe dawa juu ya dawa. Naye mkunga anayeelezwa ukweli huo hana sababu ya kumgombeza mgonjwa wake.

Wiki ya 41 ikitimia bila uchungu, kungojea nyumbani kumekwisha. Shirika la Afya Duniani linashauri uchungu uanzishwe na wataalamu kuanzia hapo. Mkunga aweza kwanza kuutenganisha kwa kidole utando ulioshikamana na mlango wa kizazi, njia isiyo na dawa ambayo huwaepusha baadhi ya akina mama na hatua zinazofuata.

Zipo dalili zisizongoja wiki yoyote: damu, chupa kupasuka, maji ya kijani, mtoto kupunguza kucheza, kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu. Mwenye moja kati ya hizo aende kituoni saa hiyohiyo, usiku au mchana. Asiye na usafiri, yeye au aliye naye apige 115 bila malipo, namba ya mfumo wa m-mama, na kutaja kijiji na zahanati iliyo karibu. Namba hiyo iandikwe leo nyuma ya kadi ya kliniki, na baba wa nyumba aihifadhi kwenye simu yake.