Novák, mgeni asiyeondoka

Katika Jamhuri ya Czech, anayeitwa Novák hatofautiani sana na Juma wa kwetu: ukiita jina hilo sokoni, watageuka wengi. Ni miongoni mwa majina ya ukoo yaliyoenea zaidi nchini humo, na Slovenia nako limeshamiri. Maana yake ni mtu mpya, yule aliyehamia kijijini na wenyeji wakakosa la kumwita. Watu wa Pwani wenye jina la Mgeni watalielewa upesi.

Mwaka 1954 hivi, mabwana wa studio ya Columbia huko Hollywood walimtaka binti mmoja wa Chicago, mwenye asili ya Czech, ajiite Kit Marlowe. Jina lake la kwanza, Marilyn, alikubali kuliacha, kwani tayari kulikuwa na Marilyn Monroe. Kuliacha la ukoo, Novak, akagoma katakata. Ndiye Kim Novak, aliyeng'ara katika filamu ya Vertigo mwaka 1958.

Kwa desturi ya Czech, mke au binti wa Novák huitwa Nováková. Tangu mwaka 2022, sheria inawaruhusu wanawake wote kuacha kiambishi hicho cha -ová.

Ndugu wa jina hilo ni Novotný, lenye maana ileile. Mcheza tenisi Jana Novotná alilibeba hadi Wimbledon. Mwaka 1993, katika fainali na Steffi Graf, aliongoza 4-1 katika seti ya mwisho, akabakiwa na pointi moja tu kufikia 5-1; akakosea kuanzisha mpira, mara mbili mfululizo. Alishindwa, na baadaye alilia begani mwa Duchess wa Kent, mke wa Duke. Kombe alilichukua mwaka 1998.