Protini Isomayo Alama: YTHDF2, Virusi vya Ukimwi na Haki ya Eastlands



Jioni hii nitazungumzia protini iitwayo YTHDF2, iliyomo katika seli za kila mmoja wetu. Kazi yake ni kutambua RNA iliyotiwa alama. Nimeichagua kwa sababu virusi vya Ukimwi navyo hubeba alama hiyo hiyo, na mtaa wa Majengo, ulioko Pumwani katika Eastlands hapa Nairobi, umeifunza dunia mengi kuhusu virusi hivyo. Dai langu ni moja: iwapo protini hii hutukinga sisi au huvifaa virusi, ni swali lisiloweza kujibiwa vilivyo bila virusi na seli za watu wa hapa. Na ni haki lijibiwe hapa.

Tuanze na alama yenyewe. RNA huandikwa kwa herufi 4: A, U, G na C. Mwaka 1974 iligunduliwa kwamba katika nakala za RNA zinazobeba maagizo ya kutengeneza protini, baadhi ya herufi A zimepachikwa kundi la methili, yaani atomu 1 ya kaboni na 3 za haidrojeni. Alama hiyo huitwa m6A. Huwekwa na protini METTL3 ikishirikiana na METTL14, mara nyingi pale A inapotanguliwa na G na kufuatwa na C. Maana ya ujumbe haibadiliki. Kinachobadilika ni majaliwa yake: utadumu muda gani, utasomwa mara ngapi, utapelekwa wapi. Wachuuzi wa soko la Gikomba wanalijua jambo hili. Marobota mawili ya mitumba huweza kufanana kabisa, lakini alama iliyochorwa ubavuni humwelekeza mchukuzi lipi liende wapi. Alama huwa na nguvu pale tu anapokuwapo wa kuisoma.

Msomaji katika seli alijulikana mwaka 2012. Watafiti walichora ramani ya maelfu ya alama za m6A katika RNA ya binadamu na ya panya, kisha wakatazama ni protini zipi zinazozishika. YTHDF2 ilikuwa miongoni mwake. Binadamu ana protini 5 za ukoo huu, na zote zina sehemu moja inayofanana, iitwayo YTH, yenye amino asidi zipatazo 150.

Mwaka 2014 umbo la sehemu hiyo lilionekana kwa miale ya eksirei iliyopitishwa kwenye fuwele za protini. Katika YTHDF2 kuna kishimo kilichozungukwa na triptofani 3, zile za nafasi ya 432, 486 na 491. Triptofani ni amino asidi yenye pete bapa isiyopenda maji. Herufi A yenye methili huchomoka kutoka kwenye uzi wa RNA na kuingia kishimoni, na methili, ambayo nayo haipendi maji, ikabanwa kati ya pete hizo. A isiyo na methili hushikwa kwa udhaifu mkubwa. Ukiziondoa triptofani hizo, protini hushindwa kuitambua alama. Atomu 4 tu ndizo zinazoamua.

Kutambua ni mwanzo wa kazi. Sehemu nyingine ya YTHDF2 huita kundi la protini liitwalo CCR4-NOT, nalo hukata mkia wa herufi A ulio mwishoni mwa RNA. Ikishapoteza mkia, RNA huvunjwa. Hivyo ndivyo seli inavyofuta maagizo yaliyopitwa na wakati.

Sasa tuje kwenye virusi. Jenomu ya virusi vya Ukimwi ni RNA yenye herufi zaidi ya 9,000, na baadhi yake zina m6A. Mwaka 2016 timu ya Bryan Cullen wa Chuo Kikuu cha Duke ilieleza kwamba protini za YTHDF huongeza uzalishaji wa virusi. Mwaka huo huo, timu ya Li Wu wa Chuo Kikuu cha Ohio State ilieleza kwamba protini hizo hizo huzuia maambukizi, kwa kukwamisha hatua ya kugeuza RNA ya virusi kuwa DNA. Huenda tafiti zote mbili zina ukweli, kwa kuwa hatua za maisha ya virusi ni nyingi. Mwaka 2020 ilionekana kwamba ndugu ya YTHDF2, YTHDF3, huingia ndani ya chembe za virusi na kupunguza uwezo wa chembe hizo kuambukiza, lakini kimeng'enya cha virusi huikatakata.

Tafiti hizo za 2016 zilitegemea virusi vya maabara vya kundi B, lililoenea Ulaya na Marekani. Hapa Kenya kundi lililotawala ni A1. Makundi haya hutofautiana kwa herufi nyingi, na herufi C iliyo jirani ya A ikigeuka U, mahali pa alama huweza kutoweka. Kwa hiyo hatuna ruhusa ya kuchukua majibu ya kundi B na kuyafanya yetu.

Majengo ilikwisha kutuonyesha faida ya kutafiti hapa. Tangu mwaka 1985, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Manitoba, wakiwamo Profesa Elizabeth Ngugi na Daktari Frank Plummer, walifanya kazi na wanawake wa Pumwani wanaofanya biashara ya ngono. Mwaka 1996 ilichapishwa taarifa kwamba baadhi yao hawakuambukizwa licha ya kukabiliwa na virusi kwa miaka. Mwaka 2001 ikaelezwa kwamba wachache kati yao waliambukizwa baadaye, hasa baada ya kupumzika kazi. Dunia nzima ilinufaika na subira ya wanawake hao.

Naomba basi mambo matatu. Ramani ya m6A ya virusi vya A1 ichorwe katika maabara za Nairobi. Kiasi cha YTHDF2 na ndugu zake kipimwe katika seli za kinga za wanaojitolea, kwa ridhaa yao kamili. Na matokeo yaletwe kwao kwanza, kwa Kiswahili. Siahidi dawa: YTHDF2 huhudumia RNA zetu wenyewe, na kuziba kile kishimo kunaweza kutudhuru. Lakini vijana wa mitaa ya Eastlands kama Dandora na Kayole wanaosoma biolojia leo wana uwezo wa kuifanya kazi hii. Jamii iliyotoa damu yake kwa sayansi kwa takriban miaka 40 inastahili kuwaona watoto wake wakiwa ndio watafiti.