Kabla ya Kutia Dole Gumba



Mhadhara huu nimeujenga juu ya maswali ambayo wakili yeyote wa nchi hii huulizwa msibani, ndani ya daladala, kwenye foleni ya benki, na usiku wa manane kwa simu. Jirani ana RB yangu, anaweza kunikamata? Dhamana ni shilingi ngapi? Nimeshamsamehe mtu wangu, kesi naifutaje? Nitayapitia machache, mengine kwa haraka, kwa sababu yote yanatupeleka kwenye swali moja ambalo watu hawaliulizi mpaka limeshapitwa na wakati: mpelelezi akinisogezea karatasi ya maelezo na kidau cha wino, nitie dole au nisitie? Naamini kesi nyingi za jinai huamuliwa pale mezani, miezi kadhaa kabla hakimu hajalifungua jalada. Na hapo ndipo sheria yetu inapomwacha raia peke yake.

Nitazungumzia sheria ya Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake za jinai na Mahakama Kuu yake. Namba za vifungu sitazitaja, kwa kuwa Toleo la Urekebu la 2023, lililoanza kutumika Julai 2025, limezipanga upya, na sitaki mtu atoke hapa na namba iliyokwisha kubadilika.

Tuanze na RB. Mitaani RB imekuwa kitisho: mtu anakupungia kikaratasi chenye namba na kukwambia, “Nimeshakuchukulia RB, jiandae.” Namba ile inaonyesha kwamba taarifa fulani imepokelewa kituoni na kuandikwa kitabuni. Basi. Si hati ya kukamata, na haimpi mlalamikaji mamlaka yoyote juu ya mwili wako. Askari anaweza kweli kukukamata bila hati, lakini uwezo huo unatokana na yeye kuwa na sababu za msingi za kukushuku kwa kosa ambalo sheria inaruhusu ukamatwe hivyo. Hautokani na kikaratasi. Ndiyo maana deni la kawaida, lile la kukopeshana kwa kuaminiana, halipaswi kuishia kaunta ya polisi. Mtu aliyekopa akashindwa kulipa ana kesi ya madai. Aliyekudanganya tangu mwanzo ili umpe fedha zako, huyo ana kesi ya jinai. Tofauti iko kwenye nia aliyokuwa nayo siku anapokea fedha. Anayetumia mahabusu kukusanya madeni anawageuza askari kuwa madalali wake.

Kuna swali jingine ambalo huulizwa kwa sauti ya chini, na anayeliuliza karibu kila mara ni mwanamke. “Mwanangu ametoroka. Wamekuja wakamkosa, wakaniambia nipande gari mimi, mpaka atakapojisalimisha.” Ndugu zangu, hakuna kifungu chochote cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinachoruhusu mama kuwekwa ndani badala ya mtoto, au mke badala ya mume. Kosa la jinai ni la aliyelitenda. Kama mama alimficha akijua, ashtakiwe kwa hilo, aambiwe hivyo, na ahojiwe kama mtuhumiwa mwenye haki zake. Kama hakumficha, anayemshikilia anavunja sheria, hata kama mbinu hiyo imemleta kijana kituoni kabla ya jua kuzama. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu nimeona limezoeleka kiasi kwamba familia zenyewe hukaa kikao na kuamua nani aende akashikiliwe.

Dhamana. Kwenye kuta za vituo vingi pamebandikwa tangazo kwamba dhamana ni bure, na ni kweli. Kiasi kinachotajwa kwenye hati, tuseme milioni tano, ni ahadi ya mdhamini kwamba mshtakiwa akitoroka fedha hizo zitadaiwa kwake. Anayelipa chochote ili ndugu yake atoke kituoni, iwe inaitwa hela ya mafuta au ya karatasi, halipii dhamana. Kinachotakiwa kwa kawaida ni wadhamini wanaofahamika, barua ya serikali ya mtaa au ya kijiji, na kitambulisho.

Lakini kuna makosa yasiyo na dhamana kabisa. Kuua kwa kukusudia, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha, ugaidi na utakatishaji fedha ni miongoni mwake. Orodha hii imepigwa vita mahakamani kwa zaidi ya miaka thelathini. Mwaka 1991, katika shauri la Daudi Pete, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilitamka kwamba sehemu ya kifungu chenye orodha hiyo inapingana na Katiba. Orodha haikufa. Mei 2020 Mahakama Kuu ikakibatilisha tena kifungu cha makosa yasiyo na dhamana, na Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi ule. Hapo ndipo tulipo. Wakenya waliandika kwenye Ibara ya 49 ya Katiba yao ya 2010 kwamba kila aliyekamatwa anastahili dhamana isipokuwa kuwe na sababu nzito za kumnyima, na sababu hizo hupimwa na mahakama kesi kwa kesi. Kwetu, kwa makosa yale, anayechagua jina la kosa kwenye hati ya mashtaka ndiye anayeamua nani alale nyumbani. Hayo ni mamlaka makubwa mno kuachwa mikononi mwa mwandika mashtaka.

Ukishanyimwa dhamana, unalijua kwa moyo lile ombi la mwendesha mashtaka: upelelezi haujakamilika, tunaomba tarehe nyingine ya kutajwa. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2022 yalikusudia kuliondoa, kwa kutaka upelelezi ukamilike kabla mtu hajafikishwa mahakamani. Makosa makubwa, hata hivyo, yaliachwa nje, na ni kwenye makosa hayohayo ambako watu hukaa rumande muda mrefu zaidi.

Na yule aliyemsamehe mtu wake? Kesi ya jinai huitwa Jamhuri dhidi ya fulani. Mlalamikaji ni shahidi, si mwenye kesi. Kwa shambulio la kawaida na makosa madogo ya watu binafsi mahakama inaweza kusimamia suluhu. Kwa makubwa, anayeweza kuiondoa ni Mkurugenzi wa Mashtaka au waendesha mashtaka wake, na hapo familia hushangilia mapema. Kesi ikiondolewa kabla mshtakiwa hajaitwa kujitetea, sheria inaruhusu akamatwe tena kwa jambo lilelile. Wapo waliokamatwa wakiwa bado wanakumbatiwa na ndugu nje ya mlango wa mahakama.

Sasa nije kwenye karatasi yenyewe.

Chukueni maelezo ya onyo ya mtu yeyote, tuseme mvuvi aliyeishia darasa la nne. Juu kuna onyo: unatuhumiwa kwa kosa fulani, hulazimiki kusema lolote, utakalosema litaandikwa na linaweza kutumika kama ushahidi. Chini yake kuna saini au dole gumba kukiri kwamba ameelewa. Halafu inaanza simulizi: “Mnamo tarehe tajwa hapo juu majira ya saa 2 usiku nikiwa maeneo ya nyumbani kwangu…” Hakuna mvuvi anayezungumza hivyo. Ni lugha ya kituo, ya mtu anayeandika ripoti, iliyotiwa kinywani mwa mtu anayesema “mimi”. Sidai kwamba kila askari anatunga. Wengi wanasikiliza kwa uaminifu na kuandika kwa namna waliyofundishwa. Lakini katika kuinyoosha simulizi ya mtu ndipo “nilimkuta pale” linapogeuka kuwa “nilikuwa pamoja naye”, na kati ya sentensi hizo mbili kuna kifungo kisichopungua miaka 30, ambacho ndicho kiwango cha chini cha adhabu ya unyang'anyi wa kutumia silaha.

Sheria yenyewe, ile ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, si mbaya. Inasema muda wa msingi wa kumhoji aliye chini ya ulinzi ni saa nne tangu alipowekwa chini ya ulinzi, na ukihitajika zaidi kuna utaratibu wa kuuongeza. Inampa haki ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Inataka maelezo yasomwe, asahihishe, aongeze, ndipo athibitishe. Mahakama ya Rufani imeyaondoa mara nyingi kwenye kumbukumbu maelezo yaliyochukuliwa nje ya saa hizo, ingawa imesema pia kwamba kasoro hiyo haiyaui maelezo moja kwa moja, na kwamba hakimu anapaswa kupima. Tatizo ni kwamba haki hizi zinamtegemea mtu aliyelala sakafuni, mwenye njaa na hofu, azikumbuke na azidai mbele ya yule anayemlinda. Na kwa miaka mingi tangu sheria hii itungwe 1985, maelezo yamekuwa yakiandikwa kwa Kiswahili ilhali kanuni ya namna ya kuyaandika ikisomwa kwa Kiingereza. Mabadiliko ya 2021, yaliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama, yananipa tumaini, mradi tafsiri zifike kituoni na zisiishie Dodoma.

Kwa nini mpelelezi anayahitaji hivyo maelezo haya? Kwa sababu ushahidi mwingine mara nyingi ni dhaifu. Wizi wa usiku unategemea macho ya aliyeibiwa, na tangu kesi ya Waziri Amani ya 1980 mahakama zetu zimekuwa kali juu ya utambuzi wa namna hiyo. Mwanga ulitoka wapi na ulikuwa mkali kiasi gani? Alimwona kutoka umbali gani, kwa dakika ngapi? Alimfahamu kabla? Shahidi asipojibu vizuri, utambuzi unaanguka. Kinachobaki kuishikilia kesi ni ungamo. Hivyo kadiri mahakama inavyokuwa makini na macho ya shahidi, ndivyo mzigo unavyohamia kwenye kile chumba kisicho na shahidi.

Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliiona hatari hii zamani. Katika kesi ya Tuwamoi dhidi ya Uganda, mwaka 1967, ilionya kwamba ungamo lililokanwa lipokewe kwa tahadhari, na kwa kawaida liungwe mkono na ushahidi mwingine. Sote Afrika Mashariki tunalitaja shauri hilo mpaka leo. Wakenya, hata hivyo, walikwenda mbele ya tahadhari. Sheria yao ya Ushahidi inataka ungamo, kama halikutolewa mbele ya jaji au hakimu, litolewe mbele ya ofisa wa polisi mwenye cheo kisichopungua Inspekta ambaye si mpelelezi wa kesi hiyo, na mbele ya mtu wa tatu aliyechaguliwa na mtuhumiwa. Sisi bado tunaridhika na askari mmoja na meza moja, mradi ungamo lionekane limetolewa kwa hiari. Hiari hiyo mahakama huja kuitafuta miaka miwili baadaye, kwenye kesi ndani ya kesi, neno la askari dhidi ya neno la mshtakiwa.

Nataka Sheria yetu ya Ushahidi imruhusu mtu huyo wa tatu, na ungamo lolote lililochukuliwa bila yeye lisipokelewe. Si lazima awe wakili, maana mawakili wamejazana mijini. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, na wapo hadi vijijini. Dada, mwalimu, shekhe au mchungaji anaweza kukaa kwenye benchi na kusikia kilichosemwa. Wapo wakuu wa upelelezi wanaohofia kwamba kumsubiri mtu huyo kutawamalizia saa zao nne. Hawatapoteza hata dakika: muda wa kumsubiri wakili au ndugu tayari hauhesabiwi ndani ya saa hizo. Wengine wanahofia siri za upelelezi kuvuja. Hofu hiyo naiheshimu. Mtu mwenye uhusiano na tukio anaweza kukataliwa kwa sababu inayoandikwa, aitwe mwingine.

Mpaka Bunge lifanye hivyo, swali la dole linabaki na jibu langu hili. Kukaa kimya ni haki, na hakuthibitishi kosa. Ukiamua kusema, omba usomewe maelezo yote kwa sauti, neno kwa neno, na palipokosewa pasahihishwe na utie saini kando ya sahihisho. Kama hayakuwa maneno yako, usitie dole, na uombe kukataa kwako kuandikwe. Ukipigwa, mwambie hakimu siku ya kwanza kabisa unapofikishwa mbele yake na umwonyeshe alama, kwa kuwa malalamiko yanayotolewa miezi sita baadaye hupewa uzito mdogo.

Kuna dakika moja zaidi. Mtuhumiwa wa mauaji hupewa wakili kwa gharama ya Serikali. Wa unyang'anyi wa silaha, mwenye miaka 30 mbele yake, mara nyingi husimama peke yake mahakama ya wilaya. Siku ya ushahidi, askari atapanda kizimbani na kuomba maelezo yale yapokelewe kama kielelezo. Hakimu atamgeukia mshtakiwa amuulize kama ana pingamizi. Wengi hujibu, “Sina, mheshimiwa,” kwa adabu, wakidhani wanasubiri zamu yao ya kujitetea. Zamu hiyo ikifika, karatasi imeshakuwa sehemu ya ushahidi na mahakama haitarudi nyuma kuichunguza hiari yake. Kama uliteswa, kama hukusomewa, kama maneno si yako, mahali pa kusema ni hapo, kabla kielelezo hakijapewa namba: “Ninapinga, mheshimiwa,” na useme sababu. Wanafunzi wangu mnaokwenda kwenye kliniki za msaada wa kisheria muhula ujao, hilo ndilo jambo la kwanza nitakalowatuma mkawaeleze mahabusu.